Mita 340 za mafunjo: kisa cha barabara iliyozama kabla haijafunguliwa

Kwanza tuelewane

Kijiji sikitaji, kampuni sizitaji, mwaka nao naacha, na namba nimezizungusha kidogo ili mtu asije akakaa na ramani akaanza kutafuta ni wapi. Nachoweza kusema ni ukanda wa Ziwa Victoria upande wa magharibi, kule ambako kila baina ya vilima viwili kuna bonde na kila bonde lina mafunjo. Mimi nilikuwa upande wa konsalta, msaidizi wa injinia mkazi, yaani yule anayelala saiti na kunyeshewa wakati wakubwa wako mjini. Kwahiyo baadhi ya makosa humu ni yangu mwenyewe, nitayasema yakifika.

Mradi wenyewe

Barabara ya changarawe, kilomita tatu na kitu, ya kutoa maziwa, ndizi na kahawa kijijini mpaka barabara kuu. Kilima, bonde, kilima. Bonde ni mita 340 tu, sehemu ya kumi ya barabara yote, na ndo lililokula zaidi ya nusu ya muda wetu. Kabla ya hapo watu walikuwa wanazunguka mbali kwa pikipiki au wanakatisha kwa mguu kwenye kinjia katikati ya mafunjo. Nilikipita siku ya pili tu baada ya kufika: ukikanyaga, mafunjo yaliyo hatua tatu mbele yako yanatikisika. Hiyo ilikuwa taarifa kamili ya udongo, bure, ila hakuna aliyeiandika, mimi nikiwemo. Niliona raha tu, nikapiga picha.

Ripoti rasmi ya udongo ilikuwa ya mashimo ya mkono, moja kila mita 500. Fanya hesabu mwenyewe, kwenye bonde la mita 340 lingeangukia shimo moja, na hilo lilidondokea pembeni, karibu na mguu wa kilima, likajaa maji, vijana wakaliacha kwenye kina cha mita moja. Ripoti ikaandika "udongo mweusi wenye mboji, uondolewe nusu mita na kujazwa mawe". Ile nusu mita ikaingia kwenye michoro, kutoka kwenye michoro ikaingia kwenye mchanganuo wa gharama, na ikishafika huko inakuwa kama maandiko matakatifu, hakuna anayeigusa.

Huu udongo ni kitu gani hasa

Mainjinia wanauita piti. Majirani zetu Rwanda wanaiita nyiramugengeri, na kule Gisagara wana mtambo mzima wa umeme unaoichoma, hebu fikiria, wewe unataka kujenga barabara juu ya kitu ambacho mwenzako anakichoma kama kuni. Ni mafunjo yaliyokufa miaka mingi, yakalala ndani ya maji, hewa haifiki, kwahiyo hayaozi yakaisha, yanabaki nyuzinyuzi na tope juu ya tope kwa maelfu ya miaka.

Ukitaka kuijua piti bila maabara, chukua bonge ukaliminye kwenye kiganja. Yakitoka maji masafi na mkononi ukabaki na nyuzi, hiyo bado changa. Likitoka tope lote katikati ya vidole kama ugali mwepesi, imeoza sana. Sio mzaha, ndo kipimo chenyewe, alikitunga Von Post kule Sweden karne iliyopita na kina ngazi 10, na mpaka leo kinatumika. Ya kwetu ilikuwa katikati, ngazi ya 4 mpaka 6, juu nyuzi nyingi, chini tope zaidi.

Kinachowashangaza wengi ni maji. Udongo wa kawaida ukikwambia una maji asilimia 20 au 30 ya uzito wake mkavu, unaelewa. Huu wa kwetu maabara ilileta asilimia 480 mpaka 720. Sio makosa ya uchapaji. Asilimia 600 maana yake kila kilo moja ya kitu kikavu imebeba kilo sita za maji. Mita ya ujazo nzima ina uzito wa tani moja na kidogo, karibu sawa na maji matupu, na ndani yake kitu kigumu ni kama kilo 150 hivi. Yaliyobaki ni maji. Kwahiyo ukiweka mzigo juu yake umeuweka juu ya maji yaliyoshikwa na nyuzi, na maji hayo yatatoka, swali ni yatatoka kwa haraka gani na yatatokea wapi.

Siku tatu za kwanza

Kontrakta alianza kama mchoro unavyosema. Eskaveta ikakata mafunjo upana wa mita 12, ikang'oa na zulia lote la mizizi, ikachimba nusu mita, na ikachimba mifereji miwili pembeni ili "kukausha eneo". Wakaanza kumwaga mawe na moramu (udongo wenye changarawe) kutokea upande mmoja. Mawe yakawa yanakwenda. Tipa inamwaga, kesho yake asubuhi unakuta pamebonyea, wanamwaga tena. Fomeni, mzee mmoja mwenye uzoefu mkubwa wa barabara ila za kwenye udongo mwekundu, alikuwa na msimamo mmoja: "Injinia, litashiba tu, kila shimo lina mwisho." Nami nikaona sawa, kwa sababu tulikuwa nyuma ya ratiba na mita 60 zilikuwa zimeshaonekana, ukisimama pale unaona barabara.

Siku ya tatu jioni unene wa kifusi ulifika kama mita mbili na rola likapanda kushindilia, na mtetemo limewashwa. Ufa ukatokea katikati kwa urefu, mwembamba kama wa kidole. Tukaweka alama ya rangi, tukasema kesho tutaangalia.

Usiku upande wa kushoto ukashuka. Asubuhi tulikuta kipande cha kama mita 40 kimezama na kuinamia pembeni, na mita nane kutoka hapo, kwenye mafunjo ambako hakuna aliyeweka kitu, ardhi imenyanyuka karibu mita moja, mafunjo yamelala kwa nje kama yamesukumwa na mkono. Rola lilikuwa limeegeshwa palepale, limezama mpaka usawa wa injini. Kulitoa ilichukua siku nzima na eskaveta mbili, na ya pili nayo nusura ibaki.

Hesabu ambayo ilitakiwa ifanyike mapema

Baada ya hapo mwenye mradi alisimamisha kazi bondeni, na kwa mara ya kwanza pesa ya uchunguzi ikapatikana. Siku zote inapatikana baada ya ajali. Tulipima kwa fimbo kila mita 20: piti ilikuwa mita moja na nusu pembeni na mita 4.6 katikati, chini yake mfinyanzi laini wa kijivu kama mita mbili, halafu mchanga mgumu. Nguvu tulipima kwa kile kifaa cha mapezi manne unachokichomeka ukakizungusha. Kilisoma kama tani 1.3 kwa mita ya mraba, ila kwenye piti yenye nyuzi kifaa hiki kinadanganya, nyuzi zinajizungushia kwenye mapezi na kukupa namba kubwa, hivyo wataalamu hukata karibu nusu. Tukabaki na kama 0.7.

Sasa shika hii. Udongo laini ukiubebesha haraka haraka, unavunjika mzigo ukifika kama mara 5.14 ya nguvu yake. 0.7 mara 5.14 ni tani 3.6 kwa kila mita ya mraba. Moramu iliyoshindiliwa ina tani 1.9 kwa mita ya ujazo, mita mbili ni 3.8. Umeshapita, na bado hujalipandisha rola. Hesabu hii inaingia nyuma ya risiti ya mafuta. Hatukuifanya kwa sababu hatukuwa na ile 0.7, na hatukuwa nayo kwa sababu shimo lilijaa maji vijana wakaondoka.

Kuna na jambo la pili ambalo namba hii hailionyeshi, nalo ni lile zulia la mizizi. Mizizi ya mafunjo imefumana kama mkeka, ndo maana kinjia cha watu kilikuwa kinatikisika bila kupasuka. Ule mkeka ndo ulikuwa kitu pekee chenye nguvu pale juu, na sisi kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuung'oa na kuulipia kama "usafishaji wa eneo".

Njia zilizowekwa mezani

Kila mtu aliyepita pale alikuwa na jibu moja: simenti. Diwani alisema simenti, fomeni alisema simenti, hata muuza vocha. Tukasema sawa, tujaribu, na tukafanya majaribio kwenye ndoo za lita 20. Ndoo ya kwanza tulichanganya sawa na kilo 100 za simenti kwa mita ya ujazo. Baada ya siku saba ulikuwa unazamisha kidole. Kilo 200, ikawa kama sabuni ya mche iliyolowa. Kilo 200 pamoja na mchanga mwingi, hapo ikashika kweli, ukigonga inalia.

Sababu zipo mbili. Ya kwanza ni hesabu ya maji tu: mita ya ujazo ya piti ile ina karibu kilo 880 za maji. Weka kilo 100 za simenti, umepata zege lenye maji karibu mara tisa ya simenti, wakati zege la nyumba linataka karibu nusu ya uzito wa simenti. Ya pili ni tindikali za mboji, zinaiwahi ile kalisi ya simenti na kuishika kabla simenti haijajenga kitu, kwahiyo kilo zako za kwanza zinaliwa na udongo wenyewe. Chokaa ndo usiseme, chokaa inafanya maajabu kwenye mfinyanzi kwa sababu inashirikiana na madini ya mfinyanzi, na huku mfinyanzi wa kushirikiana nao haupo. Mchanga ulisaidia kwa sababu ulileta kitu kigumu cha simenti kushikilia.

Wenzetu wa Finland na Sweden wanaifanya kazi hii, wana kichwa maalumu cha kuchanganyia kinachofungwa kwenye eskaveta na wanatumia kilo 150 mpaka 250 kwa mita ya ujazo, halafu wanaweka kifusi juu siku hiyohiyo ili mchanganyiko ugande ukiwa umekandamizwa. Inawezekana. Ila kwetu, mita 340 mara upana wa mita 9 mara kina cha wastani mita 3.5 ni kama mita za ujazo 10,700, kwa kilo 200 unapata tani 2,140, yaani mifuko 42,800. Kwa barabara ya changarawe ya kupitisha maziwa. Mwenye mradi alicheka, na sikumlaumu.

Kuchimba yote na kubadilisha nayo ilijadiliwa. Kwenye kina cha mita moja na nusu ni njia nzuri kuliko zote, na pembeni mwa bonde tuliitumia. Katikati unachimba mita 4.6 chini ya maji, kuta zinakufuata, ukitaka upana wa mita 9 unaishia kufungua wa mita 20 na zaidi, na bado una mlima wa piti wa kutupa. Piti ikikauka inasinyaa, na ikishika moto inafuka chini kwa chini kwa wiki nzima. Hapo sijaongelea watu wa mazingira.

Nguzo za mikaratusi mpaka kwenye mchanga, barabara nzima, ilikuwa ghali. Kwa kalavati, yaani daraja dogo la kupitishia mto chini ya barabara, tuliichukua, na uamuzi huo nitaurudia, ndo ulionipa usingizi mbaya. Watu waliuliza mti si utaoza? Mti uliozama ndani ya maji muda wote hauozi kirahisi, jumba la kifalme la Amsterdam limesimama juu ya nguzo za mti 13,659 tangu karne ya 17. Unaooza ni ule unaoloweka na kukauka.

Ikabaki njia ya mwisho ambayo hakuna aliyeipenda, kuweka mzigo kidogo kidogo na kusubiri. Si akili mpya. Reli ya Liverpool na Manchester, iliyofunguliwa 1830, ilivuka kinamasi cha Chat Moss juu ya mafungu ya matawi na vichaka yaliyotandazwa mpaka reli ikaelea juu yake, na treni zinapita hapo hadi leo. Shida yake ni muda. Mkataba wetu ulikuwa umebakiza miezi minne na njia hii ilitaka mwaka. Mjadala ukahama kwenye udongo ukawa wa mkataba, ulichukua wiki sita, na nyongeza ya muda ilipatikana kwa sababu moja tu: zile picha za rola lililozama.

Tulichofanya

Kwanza tuliifukia ile mifereji miwili. Maji yakirudi juu, yanakubebea sehemu ya mzigo, kitu kilichozama ni chepesi, na piti isiyokauka haisinyai. Fomeni aliona tumerukwa na akili, kurudisha maji kwenye saiti kwa makusudi.

Kwenye mita 280 ambazo hazikuwa zimeguswa, ukiacha pembeni tulikochimba, mafunjo yalifyekwa kwa panga usawa wa goti, mashina yakalazwa palepale, mizizi ikaachwa. Juu yake kitambaa cha jiotekstaili, ile iliyofumwa yenye nguvu, kimetandikwa kukatiza barabara na sio kuifuata, vipande vikashonwa kwa mashine ya kushonea magunia. Kukatiza kwa sababu barabara inapotaka kuteleza inateleza kwenda pembeni, nguvu ya kitambaa inatakiwa iwe upande huo. Kwenye zile mita 60 zilizoharibika, mkeka haupo tena, tukalaza magogo ya mikaratusi kwanza na kuongeza kifusi cha pembeni kila upande ili kukandamiza ile ardhi inayotaka kunyanyuka.

Awamu ya kwanza sentimita 60 tu za moramu, buldoza dogo, kuanzia kingoni kuja katikati ili kitambaa kivutike, rola marufuku. Tukaweka sahani za kupimia: kipande cha bati nene upande sentimita 60, bomba limechomelewa wima, unasoma kichwa cha bomba kwa levo (chombo cha kupimia kimo) kila Ijumaa. Jumla sahani tisa, na mbili zilivunjwa na tipa wiki ya kwanza, ndo maisha.

Baada ya wiki saba katikati palishuka sentimita 34 na kasi ikapungua, tukaongeza sentimita 70. Wiki 14 zikapita, jumla ikafika 80. Hapo tukarudia kipimo cha mapezi na kwa marekebisho yaleyale nguvu ilitoka 0.7 ikafika kama 1.4. Tukapandisha mita 1.1 ya mwisho, ambayo sentimita 40 za juu zilikuwa mzigo wa ziada wa kukandamiza tu, wa kuondolewa baadaye.

Angalia hapa kwa makini. Siku ile unene wote ulikuwa mita 2.4, ambazo 0.8 ziko chini ya maji, na uzito wake ukipiga, iliyo juu kwa 1.9 na iliyozama kwa kama tani moja, unapata tani 3.8 kwa mita ya mraba. Ni mzigo uleule uliotuvunjia barabara kwa siku tatu. Safari hii haukuvunja kitu, kwa sababu 1.4 mara 5.14 ni 7.2. Kilichobadilika ni kwamba maji yalipewa miezi mitano ya kutoka.

Mzigo wa ziada ulikaa miezi sita. Mwisho wa yote katikati palikuwa pameshuka mita 1.36, karibu theluthi ya piti yenyewe. Tukaondoa zile sentimita 40 na kumalizia changarawe.

Ugomvi wa moramu iliyopotea

Hii haimo kwenye vitabu ila ndo ilituchosha kuliko tope. Mkataba ulikuwa unalipa kifusi kwa kupima kimo juu ya ardhi ya asili. Sasa kontrakta amemwaga mita 2.4, wewe unapima unaona mita moja, mita 1.36 imeshuka chini ya maji na hakuna mstari wa kuilipa. Mwezi wa tano alisimamisha tipa, na alikuwa na haki. Zile sahani ndo zilizotuokoa, kwa sababu zilionyesha kila Ijumaa sehemu ya chini ya kifusi iko wapi, ukitoa kwenye kimo cha juu unapata unene halisi. Tulizifunga kwa ajili ya usalama zikaishia kuwa risiti. Angalia asije mtu akaanza kazi ya piti bila kuandika kwenye mkataba kwamba kifusi kitalipwa kwa unene, kusipoandikwa hivyo kontrakta atapunguza moramu kimyakimya au atafilisika.

Matokeo

Barabara imefunguliwa na inabeba lori za maziwa na Fuso za ndizi. Nimerudi kupima mara nne. Kwa miaka miwili katikati, palipo na mkeka, pameshuka sentimita 4. Ndo kawaida ya piti, haimalizi kabisa, inaendelea kutambaa polepole, na mzigo wa ziada tulioubeba na kuuondoa ndo uliopunguza hiyo tabia. Zile mita 60 za mwanzo zimeshuka 11, na zaidi upande wa kushoto ulioteleza. Kwa changarawe hilo greda linarekebisha. Ingekuwa lami ingepasuka.

Pabaya ni kwenye kalavati.

Palipotushinda

Kalavati la zege lilikaa juu ya nguzo za mikaratusi zilizofika mchangani, kwahiyo halitashuka. Barabara pande zote mbili iko juu ya piti, kwahiyo itashuka. Mtu yeyote akikaa chini dakika tano ataona kitakachotokea, na sisi tulikaa, tukaona, tukasema ule mzigo wa awamu utamaliza mshuko kabla. Tulichosahau ni ratiba. Ili mto uendelee kupita wakati wa ujenzi, mita 15 kila upande wa kalavati ziliachwa wazi zikajazwa mwisho kabisa. Sehemu nyingine zilikaa na mzigo karibu mwaka mzima, hizo zilikaa miezi miwili, na hapo ndipo piti ilipokuwa na kina kirefu zaidi. Nilikuwa naisaini ile ratiba kila wiki.

Mwaka wa kwanza palishuka sentimita 22. Leo ukija na pikipiki unaona kama tuta la shule katikati ya bonde, na vijana wa bodaboda wamelipa jina ambalo siliandiki. Kijiji kilijaza moramu mara mbili, na kila ukijaza unaongeza uzito, unashuka tena. Ndo mtego wa piti: dawa ya shimo ndo inayolichimba.

Tungefanyaje? Ningeweka mzigo mzima moja kwa moja mpaka juu ya mahali pa kalavati, maji yakapitishwa kwenye mabomba ya muda, halafu baada ya mwaka nichimbe nafasi ya kalavati ndani ya kifusi kilichokwisha shuka. Au nisipige nguzo kabisa, nitumie kalavati la bati la mawimbi, linakwenda chini pamoja na barabara, unalilaza likiwa limeinuka katikati kidogo ili likishuka likae sawa. Nguzo zilitupa moyo wa kwamba tumefanya kitu imara, na uimara huo ndo ulioleta tuta.

Kosa la pili lilijitokeza masika ya kwanza. Kinamasi kile maji yake hayapiti mtoni tu, yanapenya pole pole ndani ya piti upana wa bonde zima. Sisi tukaibana piti chini ya barabara theluthi nzima, ikawa kama ukuta. Upande wa juu maji yalipanda kama sentimita 20 na mashamba ya magimbi ya pembeni yakaloa kupita kiasi. Wenye mashamba walikuja saiti wakatuambia kwa adabu sana, "Wanangu, maji yetu mmeyafunga," na walikuwa sahihi. Tuliongeza mabomba matatu madogo yaliyogawanywa kwenye bonde, na masika iliyofuata maji yalitulia. Mabomba hayo yangewekwa mwanzoni gharama yake isingefika ya siku moja ya kutoa rola.

Na kuhusu simenti, naulizwa kila mara kama tungekuwa na hela tungeitumia. Kwa mita 340 zote, hapana. Kwa zile mita 30 za kalavati labda ndiyo, pamoja na mchanga, kwa sababu pale kilichokosekana ni muda na simenti unainunua ili usisubiri.

Tuta sasa tunalitibu kwa kupunguza uzito. Kiangazi kilichopita tulichimba moramu ya ziada upande mmoja wa kalavati, unene wa sentimita 80, tukajaza machujo ya mbao kutoka viwanda vya mbao vya jirani, yamefungwa ndani ya jiotekstaili na yote yako chini ya usawa wa maji ili yasioze, halafu sentimita 60 za moramu juu yake. Upande wa pili tumeuacha ulivyo ili tulinganishe. Miezi saba sasa, upande wa machujo umeshuka sentimita moja, wa pili tatu.